Kipofu Aliyeshika Daftari

Mzee alitaka kitabu hicho na si kingine. Alikuwa amesikia kwamba kuna riwaya ambamo watu wote wanapofuka, na kwamba mwaka 2008, filamu yake ilipotoka, shirikisho la wasioona la Marekani liliingia barabarani kuipinga. "Nisomee," akaniambia, "nijue na mimi kama nimetukanwa."

Aliacha kuona akiwa mtoto mdogo, akafanya kazi ya opereta wa simu mpaka akastaafu. Vitabu vyake alivisoma mwenyewe kwa vidole, lakini hiki hakukipata katika nukta nundu, ndipo nikaombwa niwe naenda jioni kumsomea. Kilikuwa cha Mreno José Saramago, *Ensaio sobre a Cegueira*, kilichotoka mwaka 1995, miaka mitatu kabla mwandishi wake hajapewa Tuzo ya Nobel. Sisi tulikuwa na tafsiri ya Kiingereza.

Aliyekisoma anajua adha ya kukitamka kwa sauti. Alama za kunukuu hakuna. Watu watatu wanaongea ndani ya sentensi moja, kilichowatenganisha ni koma tu, na hakuna hata mmoja mwenye jina: kuna daktari, mke wa daktari, msichana mwenye miwani ya giza, mtoto mwenye makengeza. Mwenye macho nikawa ndiye ninayepotea. Nikisita kidogo, Mzee ananisukuma: "Bado ni daktari huyo, mwanangu, endelea." Miaka mingi kwenye simu ilikuwa imemfundisha kumjua mtu kabla hajamaliza neno la kwanza. Koma zilimtosha.

Mwanzoni alicheka mno. Mtu anapofuka ghafla akiwa kwenye taa za barabarani, anaona weupe mtupu; msamaria anajitokeza kumfikisha nyumbani, kisha anamwibia gari. Mzee akapiga paja. Serikali inawakusanya vipofu wapya katika hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoachwa, wanajeshi wanalinda nje, na kipaza sauti kinawasomea masharti: taa zitawaka muda wote, atakayetoka bila ruhusa atauawa papo hapo, moto ukizuka wazimamoto wasitarajiwe. "Taa!" akasema. "Wamewafungia vipofu, wakawaachia taa!"

Kicheko kiliisha tulipofika kwenye vyoo. Saramago hamwonei haya msomaji. Anaueleza uchafu wa korido zile bila haraka, mpaka unatamani kufungua dirisha. Hapo Mzee alikasirika kweli. "Bwana huyu hajakaa na kipofu hata siku moja. Mimi nikiingia mahali pageni, kabla sijaulizwa hali nimeshajua choo kiko hatua ngapi kutoka mlangoni. Kamba moja tu ukutani, watu wale wote wangekuwa wasafi."

Nikamtetea mwandishi. Nikasema hawa wamepofuka juzi, wamejaa hofu, hakuna wa kuwafundisha, na kwa vyovyote kitabu hakiwazungumzii wasioona hasa, kinazungumzia jinsi ustaarabu wetu ulivyo mwembamba. Wanaokisifu hicho kitabu husema hivyo karibu wote.

"Hofu haimzuii mtu kuhesabu," akajibu.

Kisha wakaja wale majambazi. Wodi moja inajitwalia chakula chote, kiongozi wao ana bastola, na wengine wanaamriwa walete saa, pete na pesa ndipo wale. Mke wa daktari, ambaye peke yake bado anaona na anaficha siri hiyo, yuko miongoni mwa waliopeleka mali, na hapo anamwona mtu ameketi pembeni anatoboa karatasi nene kwa ncha ya chuma. Ni kipofu wa siku zote. Alikuwa hivyo kabla ya balaa lile, na sasa ndiye mhasibu wa majambazi: anaorodhesha mali ya wizi kwa nukta nundu.

Mzee akanishika kifundo cha mkono. "Rudia hapo."

Nikarudia. Akaniuliza mhasibu anatoboa kuanzia upande upi wa karatasi. Nikamwambia kitabu hakisemi. Akanionyesha juu ya meza, ukucha wa kidole cha shahada ukigonga mbao: unaanza kulia unakwenda kushoto, herufi zimegeuzwa, ili ukiipindua karatasi nundu zisomeke kutoka kushoto. Aligonga mstari mzima hivyo, ukucha unalia tk, tk, tk, uso umekaza. Nilidhani anatafuta namna ya kuanza kulaani.

"Afadhali," akasema. "Vitabuni sisi huwa watakatifu au ombaomba. Huyu angalau ametupa jambazi." Akanyamaza, kisha akaongeza: "Lakini ndiye mbaya wao, kuliko hata mwenye bastola."

Nikamuuliza kwa nini.

"Mwenye bastola ana nini cha kuwapa? Hana. Naye amepofuka juzi kama wao. Huyu anajua kutembea, kuoga, kula, kuandika, yote gizani. Katika jengo zima ndiye mwalimu pekee. Wiki moja tu angewafanya watu tena. Elimu hiyo yote kaenda kuhesabia saa za wizi." Akaegemea kiti. "Utaona, bastola itaishia kwake."

Nilikuwa nimekwisha kusoma makala kadhaa kuhusu uovu katika riwaya za aina hii, na karibu zote zilimtafuta mnyama aliyelala ndani ya binadamu, yule anayeamka polisi wakiondoka. Mzee hakujishughulisha na mnyama. Alimtaka mwenye ujuzi aeleze ameupeleka wapi. Mpaka leo naona swali lake lina uzito kuliko zile makala, maana mnyama hadaiwi maelezo na karani anadaiwa.

Majambazi walipomaliza mali wakadai wanawake. Nilimuuliza kama niziruke kurasa hizo. "Mwandishi hakuziruka," akasema, nami nikazisoma zote, kwa sauti iliyokuwa ikinikauka. Sitazisimulia hapa. Mke wa daktari anamuua kiongozi kwa mkasi, kelele zinajaa gizani, na anayeiokota bastola ni mhasibu. Mzee hakujisifu kwamba alitabiri. Aliguna tu, akaniashiria niendelee.

Nilitumaini mwisho utamfurahisha. Watu wanaanza kuona tena, mmoja baada ya mwingine, bila sababu kama walivyopofuka bila sababu. Nilipofunga kitabu akauliza habari za mhasibu. Nikamkumbusha kwamba mwanamke mmoja aliiwasha moto wodi ile, nao wakateketea humo.

"Basi hakuna aliyejifunza kitu. Wameletewa macho yao bure, na aliyejua kazi amekufa."

Nikasema kitakachowasumbua sasa ni kutazamana, baada ya yote waliyotendeana.

"Kutazamana watazoea. Waulize nani atasafisha vile vyoo."

Nikamtajia kitabu kingine, *Lord of the Flies* cha Mwingereza William Golding, cha mwaka 1954: wavulana wa shule wameachwa kisiwani bila mtu mzima, wanaishia kuuana. Mwandishi wake alikuwa mwalimu, na wakati wa Vita vya Pili alitumikia jeshi la majini. Mzee akasema hana hamu na watoto wanaouana. Nikamwambia humo kuna kikao ambacho kiongozi wao anawagombeza wenzake kwa sababu walikubaliana miamba fulani iwe choo, na sasa kila mtu anajisaidia anapotaka, hata karibu na wanapolala.

"Kabla ya kuuana?"

"Kabla."

"Huyo anajua anachosema," akasema. "Kilete."