Nilivyoipandisha jukwaani tamthilia yangu fupi Dublin

Tamasha la Kimataifa la Tamthilia za Mashoga la Dublin hufanyika mwezi Mei. Brian Merriman alilianzisha mwaka 2004, ilipotimia miaka 150 tangu azaliwe Oscar Wilde, mwandishi wa tamthilia na mwana wa mji huu aliyefungwa Uingereza mwaka 1895 kwa ajili ya kupenda wanaume. Kuna jioni za tamthilia fupi, kadhaa kwa mfululizo, jukwaa moja na taa zilezile. Huko ndiko nilikopeleka yangu, na nasimulia hapa kwa sababu natamani Waswahili wengine nao waandike.

Tamthilia nyingi za namna hii hukimbilia siku siri inapofichuka: mtoto anasema, mzazi analia, mlango unabamizwa. Muda unaisha hapo hapo. Mimi nilianzia pale ambapo mama aliyeko Mombasa ameshajua, na binti yake wa Dublin anajua kwamba mama anajua. Wanaongea kwa simu. Mama anauliza baridi, bei ya mchele, kama mzigo umefika. Umefika: doti ya kanga, bado haijakatwa. "Ikate," mama anasema. "Kipande kimoja chako, kingine cha mwenzio."

Basi. Tamthilia nzima ni hiyo.

Mama anaongea Kiswahili mwanzo mwisho, binti anajibu kwa Kiingereza, kama wafanyavyo wengi waliokulia ughaibuni. Sikuweka tafsiri ukutani. Majibu ya binti yaliwatosha watazamaji, na yasipotosha, kanga ilimaliza kazi.

Kazi kubwa ilikuwa kumpata wa kuigiza mama. Nilimwendea mama mmoja wa Tanga anayehudumia wazee hapa, hajawahi kupanda jukwaani. Alisoma karatasi zote mbele yangu, kisha akauliza: "Mwanangu, picha zikifika nyumbani nitawaambia nini?"

Swali zito. Kwetu Kenya, kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu bado kina adhabu ya kifungo cha hadi miaka 14 kwa mapenzi ya jinsia moja, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta tarehe 24 Mei 2019. Kwao Tanzania adhabu ni kali zaidi. Nikawaomba waandaaji jina lake lisichapishwe na picha zisipigwe tukiwa jukwaani. Walikubali papo hapo. Wanayajua haya: Ireland yenyewe iliacha kuwahesabu mashoga kuwa wahalifu mwaka 1993, ndipo mwaka 2015 asilimia 62 ya wapiga kura wakaidhinisha ndoa zao.

Vifaa vyote viingie mfuko mmoja, maana ukitoka tu wenzako wanaingia. Tulikuwa na viti viwili, simu mbili, mkasi, na doti mpya kila jioni. Kabla ya onyesho nilitia mkasi kidogo ukingoni, pale vipande viwili vinapokutana, ili binti akishika na kuvuta, kitambaa kichanike kwa mkupuo. Mlio ule ulifika hadi viti vya nyuma.

Baadaye mzee mmoja Mwairishi alinisimulia kwamba alipohamia London ujanani, mama yake alikuwa akimtumia soksi, jozi mbili za saizi tofauti, bila kuuliza chochote. Nilimwita mama wa Tanga aje asikie mwenyewe. Wakazungumza hadi ukumbi ukafungwa.

Sasa naandika nyingine, na mama ameshaniambia nimpangie siku ambazo hana zamu.