Shikamoo ina mwenyewe

Wiki hii tuna mgeni hapa Ngamiani, Tanga, kijana wa Kijerumani aliyesoma na kaka yangu. Kabla hajaja nilimpa darasa kwa simu: ukifika mlangoni piga hodi ungoje karibu, viatu viache nje, ukimkuta mtu mwamkie shikamoo. Akashika yote. Nilichosahau ni kumwambia kwamba shikamoo huenda kwa mkubwa.

Jana asubuhi akitoka alikutana na mtoto wa jirani anakwenda chuoni, kofia kichwani, juzuu kifuani. Mgeni akainama kabisa: "Shikamoo!" Mtoto kaganda. Akamtazama yeye, akanitazama mimi, kisha akajibu kwa kisauti chembamba, "Marahaba," huyoo, mbio. Bibi alicheka mpaka kanga ikamdondoka.

Kwenye kula ndiko kulikuwa na kazi, maana mgeni wetu ni mashoto. Tumenawa, tumekaa mkekani, wali na samaki wa nazi kwenye sinia, mara mkono wa kushoto huo unakuja. Mama hakusema neno. Akamsogezea sahani yake peke yake na kijiko. Nami naona ni bora hivyo kuliko kumkanya mbele za watu.

Na kwao nako kuna mambo! Jumapili hutoboi ukuta wala hupigi misumari, jirani atakuja juu. Juzi Jumapili, saa moja asubuhi, fundi wa nyumba ya pili kaanza kugonga mabati. Mgeni akatoka na mswaki mdomoni, anauliza kama kuna dharura.