Kizibo: Jumamosi moja Lake Havasu

Nyumbani wakisikia nafanya kazi ufukweni Marekani, wananiomba picha. Mama mdogo, aliyebaki kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, anaamini nalipwa kuogelea. Haya, hii hapa Jumamosi yangu moja ya mwezi wa saba, kwenye hifadhi ya jimbo kando ya Lake Havasu, Arizona.

Saa kumi na moja alfajiri: vyoo, karatasi, makopo ya bia mchangani. Tuyaache hayo.

Saa kumi na mbili foleni ya kushusha boti majini imeshafika barabarani. Pikapu, trela, boti. Pikapu, trela, jetski. Kila mtu anataka kuingia majini kabla jua halijakasirika, na jua la hapa si la mzaha: rekodi ya joto ya jimbo zima iliwekwa mji huu, nyuzi 53, Juni 1994. Wenzangu huniambia, "Wewe umetoka Kakuma, umezoea." Kakuma mchana tulikaa chini ya mti. Hapa nasimama juu ya zege, kwenye mteremko wa kushushia boti.

Saa mbili kasorobo akaja mzee mmoja na boti nyekundu. Akarudisha trela nyuma mara nne, na mara zote nne ikajikunja kama mkia wa nge. Mara ya tano boti ikaelea, akashangilia. Mimi nikaona nyuma yake inadidimia.

"Kizibo! Umeweka kizibo?"

Kizibo ni kidude cha ukubwa wa kidole gumba, kinachoziba tundu la kutolea maji nyuma ya boti. Akanijibu kwamba boti hiyo anaiendesha tangu mimi sijazaliwa. Maji yakapanda. Viatu vya mkewe vikaanza kuelea, na ni yule mama aliyesema, bila hata kupaza sauti, "Kiko garini." Kuirudisha boti kwenye trela na kusubiri imwage maji yote kulichukua dakika arobaini. Foleni nzima ilipiga honi, na si kwake. Kwangu mimi, mwenye sare.

Baada ya hapo saa sizikumbuki vizuri. Nilibishana na baba mmoja kuhusu jaketi la kuokolea la mtoto wake (miaka 12 kushuka chini ni lazima alivae boti ikiwa inakwenda). Nilimwagia mbwa maji miguuni, zege lilikuwa linamuunguza. Watu sita waliniuliza daraja la London liko wapi. Liko kweli hapa, si utani: mfanyabiashara Robert McCulloch alilinunua mwaka 1968, akaleta mawe yake mpaka jangwani. Nilinyooshea kidole tu, maneno yalishakwisha.

Jioni, boti nyekundu ikarudi. Sasa sheria inataka kinyume cha asubuhi: ukitoka ziwani, chomoa kizibo, maji yote yamwagike. Tangu 2007 tunapambana na kome wadogo waitwao quagga. Wanaziba mabomba, na vijitoto vyao visivyoonekana kwa macho husafiri ndani ya maji yaliyobaki kwenye boti hadi ziwa jingine.

Mzee akagoma. "Nikikitoa, kesho nitakisahau tena."

Sikuwa na jibu. Mkewe akapita katikati yetu, akainama, akakichomoa, akakitia kwenye mkoba wake. Maji yakachuruzika juu ya zege, yakakauka kabla ya kufika kwenye viatu vyangu.

Nikarudi vyooni.