Maji ya kiuno ni mita ngapi?

Nilipewa karatasi yenye safu ya "kina (mita)" niijaze kwa kuwauliza wavuvi wa Lamu. Hakuna aliyenijibu kwa mita. Mmoja alisema pale ni maji ya kiuno, mwingine maji ya kifua, wa tatu akasema "upondo haufiki", yaani mti wa kusukumia chombo haugusi chini. Jioni safu yangu ilikuwa tupu.

Kesho yake nilipanda mashua ya nahodha mmoja mzee hadi Mkanda, mlango mwembamba kati ya Manda na bara. Nikamwuliza, "Ami, hapa pana kina gani?"

"Mai ya sasa, au yakipwa?" (Mai ndiyo maji kwa Kiamu, lahaja ya Lamu; kupwa ni kushuka.)

Sikuwa na jibu. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya pwani yetu hupanda na kushuka kiasi cha mita 3. Anayetaja kina bila kutaja maji yenyewe hajasema kitu, na chombo chake kitapwelewa, kikwame maji yakishuka.

Basi nikafunga kipande cha risasi kwenye kamba, nikaipiga mafundo. Nikaiita chubwi. "Chubwi ni ya mshipi wa kuvulia," akanisahihisha, "ya kupimia maji ni bildi." Kila neno nililotajiwa nikaomba nipelekwe mahali pake, nikalitia bildi. Maji ya goti yalikuwa nusu mita. Ya kiuno, mita 1 hivi. Ya shingo, karibu mita 1 na nusu.

Yakishapita kichwa, je? Nahodha akaivuta kamba ikiwa bado imelowa, akainyosha kifuani kutoka ncha ya kidole cha kulia hadi cha kushoto. "Pima moja." Hiyo ni dhiraa 4, kama mita 1.8. Nilifurahi mno kuliona hilo: hadi shingoni mtu hujipima wima, maji yakimfunika hujipima kwa kunyosha mikono.

"Na kilindi ni pima ngapi, Ami?"

"Kilindi hakipimwi, mwanangu. Ndipo bildi isipogusa."

Nikaikumbuka bandari ya Kilindini kule Mombasa. Jina nililolitamka miaka yote bila kulisikia.

Karatasi niliirudisha na safu mbili zaidi: neno la mvuvi, na hali ya maji. Ofisini waliniambia nizifute, zinachanganya. Nilikataa, tukabishana siku mbili, zikabaki. Mstari wa kwanza unasomeka: maji ya kiuno, bamvua, yakipwa, mita 1.