Kipupwe nimekihamishia uani

Nina miaka 71, na magoti yangu hujua kipupwe kimeingia kabla mtu hajasema. Ndugu zangu wa Makete na Lushoto wananishangaa nikitaja baridi ya Dar, lakini kwa mtu aliyezeekea kwenye joto la Temeke, nyuzijoto 19 za alfajiri mwezi wa saba zinaingia mifupani.

Kila aliyepita kunipa shikamoo aliniachia ushauri uleule: "Bibi, kaa ndani, vaa sweta." Nikatii. Wiki mbili nikashinda sebuleni na soksi mbilimbili, miguu juu ya kigoda kwa sababu sakafu ya saruji ilikuwa baridi kama mtungi. Nikiinuka kwenda msalani nashika ukuta. Ushauri ule unanikera hadi leo.

Nikahamia baraza ya mbele. Inatazama kusini, na kusi ikivuma haina huruma: kanga mbili begani, chai imepoa sijafika nusu kikombe. Jua nimelingoja hadi saa sita, halikunifikia.

Kilichonifumbua macho ni kanga. Mjukuu alifua doti yangu, kipande kimoja akakianika mbele, kingine uani. Saa tano cha uani kimekauka, cha mbele bado kibichi kwenye pindo. Nikasimama uani adhuhuri kutazama kivuli changu: kimelala kuelekea kusini. Kumbe mwezi wa sita na wa saba jua letu la mchana linapita upande wa kaskazini, na uani kwangu ndiko kaskazini. Nyumba yenyewe inanikinga na upepo. Nilifurahi nikaita watu waje waone kivuli!

Tangu siku hiyo, saa tatu kiti kipo ukutani. Nina chai ya mchaichai na tangawizi iliyopondwa, si ya unga, na vitumbua viwili vya jirani. Machungwa ya Muheza yakiingia sokoni nanunua ya elfu moja au mbili, nayaweka juani kwanza. Chungwa likipata moto kidogo, ukilikata kofia na kulifyonza, utamu wake ni mwingine kabisa.

Halafu nasuka ukili wa mkeka. Vidole vilikuwa vimegoma, mpaka nilipoanza kulowesha miaa kwenye maji ya uvuguvugu badala ya maji ya bomba. Miaa inalainika na vidole navyo vinalainika humohumo. Msilale na miguu mitupu, wazee wenzangu, na mkitoka juani inukeni taratibu.

Alasiri nikisikia muuza kahawa anagonga vikombe, namtuma mjukuu: kahawa chungu na kashata, mia mbili tatu hivi.

Jirani aliyesisitiza nikae ndani naye ana magoti. Juzi alikuja na kiti chake, akauliza, "Bibi, hapa pana nafasi?" Nikasogeza bakuli la miaa.