Siku tuliyoshinda ufukweni na shangazi

Kupata mahali pa kumfurahisha mzee ni rahisi, na pa kumfurahisha mtoto ni rahisi vilevile. Ugumu ni kuwaridhisha wote siku moja. Ndilo lililonikalia kichwani shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, alipokuja kututembelea akiwa na binamu yangu na watoto wake. Wao ni watu wa bara, na shangazi katika umri wake wote alikuwa hajawahi kukanyaga ufukwe.

Binamu alikuja na orodha ndefu ya mahali pa kwenda. Nikamwomba tuchague pamoja sehemu moja tu, tukashinde hapo. Mizunguko ya kupanda na kushuka gari huwachosha wazee kabla hawajaona chochote, na watoto nao huanza kulia wakati ule ule watu wazima wanapoanza kufurahia. Akakubali, tukachagua bahari.

Siku yenyewe niliipanga kwa kufuata maji. Mwezi ulikuwa umetoka tu kuwa mpevu, maana yake ni bamvua: maji hujaa sana, yakipwa yanakwenda mbali na kuacha mwamba wazi. Wakati wa maji mafu, yasipojaa wala kupwa sana, watoto wasingeona nusu ya yale waliyoyaona. Kwa kuwa kupwa na kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, niliulizia saa za siku ile hasa, nisitegemee za juzi. Kupwa kuliangukia asubuhi, kukatufaa sana, kwa sababu kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 alasiri miale ya jua huwa mikali, na wakati huo nilitaka wote tuwe kivulini.

Nilibeba kiti chenye egemeo kwa ajili ya shangazi. Mkeka ni mzuri kwa kukaa, ila kuinuka kutoka chini kunayatesa magoti ya mzee. Maji ya kunywa pia sikusubiri ayaombe. Uzee hupunguza kusikia kiu, mwili unapungukiwa maji na mwenyewe hajui. Kila nilipojimiminia, nilimmiminia na yeye, tukanywa wote.

Watoto walikimbilia vidimbwi vya kwenye mwamba. Mkubwa wao akaokota gamba la konokono, akaliweka kiganjani, na baada ya muda kidogo vikatokeza vijiguu vyekundu. "Mama, lina mtu ndani!" Alikuwa kaa mdogo, wa wale ambao sehemu ya nyuma ya mwili wao ni laini, haina gamba gumu, wanaoishi katika magamba yaliyoachwa na konokono na kuhamia makubwa zaidi kadiri wanavyokua. Nilipomweleza hivyo, alilirudisha pale pale alipoliokota, na tangu hapo akawa anageuza kila gamba kuangalia kama lina mwenyewe. Hatukulazimika kumkataza kuyabeba. Nimependa sana hilo.

Shangazi alivua viatu, akanishika mkono, tukasogea taratibu mpaka wimbi likamgusa vifundo vya miguu. Maji yaliporudi nyuma, mchanga ukachotwa chini ya visigino vyake, akanikaza mkono kwa nguvu. "Mwanangu, ardhi inaondoka!" Kisha akacheka, akataka tusimame hapo hapo lije jingine. Tukasimama mpaka akaridhika mwenyewe.

Kivulini ndiko siku ilikokolea. Watoto wakalala, binamu naye akajinyoosha, na shangazi, macho yake baharini, akaanza kunisimulia habari za baba. Kumbe utotoni baba alikuwa mwoga wa maji, na wakivuka mto dada yake ndiye aliyekuwa akimbeba mgongoni. Mimi nilimjua baba mtu mzima, mkali kidogo, asiyeogopa kitu. Nilisikiliza bila kumkatiza. Niliuliza pale tu aliponyamaza mwenyewe, na majina ya watu nikamwomba ayarudie ili niyashike.

Tangu waondoke nimekuwa nikiwaza juu ya mazungumzo yale. Shangazi amekuja kwetu zaidi ya mara moja, lakini nyumbani kuna kupika, simu, watu wanaoingia na kutoka, na mgeni anaishia kujibu maswali ya afya na safari. Pale hapakuwa na cha kufanya, kwa hiyo mambo yalijitokeza yenyewe. Nadhani nisingempa nafasi hiyo kama tungefuata orodha.

Usiku ule ule niliyaandika yote aliyoniambia, nikampigia kesho yake kuhakikisha majina. Picha nilimtumia binamu kama faili, kwa sababu zikitumwa kwa njia ya kawaida ya ujumbe hubanwa na kupungua ubora, na kila moja nimeiandikia ni nani yuko wapi. Leo sote tunajua. Wajukuu watakaoziangalia hawatajua.

Shangazi anasema ana picha za zamani ndani ya sanduku, nyingine za baba akiwa kijana, na waliosimama pembeni yake siku hizi anawajua yeye peke yake. Zamu ya kusafiri sasa ni yetu. Nimeshamwomba asimpe mtu yeyote sanduku hilo mpaka nifike na daftari.