Siku Moja na Baiskeli za Umeme, Nansio

Saa 11:00 alfajiri. Kabla sijanawa uso huwa naangalia kwanza taa za chaja. Hapa Nansio, Ukerewe, ninakodisha baiskeli nne za milimani zenye mota ya umeme, hasa kwa wageni wanaovuka ziwa kutoka Mwanza na kutaka kufika kwenye shamba la miti la Rubya bila kuishiwa pumzi njiani. Taa ya kijani maana yake betri imejaa, nyekundu bado. Leo betri tatu zilikuwa tayari na ya nne ilikuwa nusu, kwa kuwa umeme ulikatika usiku, na chaja zangu mbili, ambazo kila moja huhitaji takribani saa nne kuijaza betri iliyokwisha, zilikuwa bado kwenye zamu ya pili.

Saa 1:00 asubuhi. Nilifuta vumbi kwa kitambaa chenye maji kidogo, maana maji ya mpira yenye nguvu hupenya kwenye mota na kwenye viunganishi vya nyaya. Kisha nilipunguza upepo wa tairi. Wateja wengi hupenda tairi ngumu kama la baiskeli ya kubebea mihogo, lakini kwenye mchanga tairi gumu huzama, na mota hulipia kosa hilo kwa chaji. Breki nazikagua kila siku, kwani baiskeli moja ina uzito wa kilo 24 na pedi huisha upesi kwenye miteremko.

Saa 3:00. Walifika kaka na dada wa tumbo moja kutoka Mwanza. Niliwaeleza kwamba betri ina wati-saa 500, yaani kiasi cha umeme inachobeba, kwamba kwa msaada wa wastani wa mota kila kilomita hula kama wati-saa 10, na kwamba kwa msaada wa juu kabisa, penye vilima na mchanga, kilomita hiyohiyo yaweza kula 20. Kwa hiyo betri ileile inakupa kilomita 50 au 25, kutegemea kidole chako kinabonyeza wapi. Dada alisikiliza hadi mwisho. Kaka yake alikuwa tayari amekaa kwenye siti.

"Kaka, hii si pikipiki," nilimwambia. "Usipokanyaga, haiendi."

"Sasa nalipia nini?"

Niliwapa kofia ngumu na maji, nikawakumbusha kuripoti kwenye ofisi ya shamba kabla ya kuingia msituni. Funguo za kufungulia betri sikuwapa, wateja huzipoteza.

Saa 4:00 hadi saa 6:00 nilibadilisha mnyororo uliolegea, nikala ugali wa muhogo na dagaa.

Saa 6:40 mchana simu iliita. Alikuwa dada. "Kaka, ya huyu imezima kabisa, na yangu bado ina mistari mitatu kati ya mitano." Njia moja, mwendo mmoja, baiskeli za aina moja, sikuhitaji kuuliza kidole cha kaka kilikuwa wapi tangu asubuhi. Nilitia betri iliyojaa kwenye begi, nikapanda bodaboda. Tulikuwa tumeshaacha nyuma nyumba za mwisho za mji, tukipita mihogo iliyoanikwa juu ya mawe makubwa, nilipopapasa mfuko na kugundua kuwa ufunguo umebaki ukining'inia msumarini, ukutani. Betri bila ufunguo ni tofali. Dereva hakusema neno, aligeuza tu, akaniongezea nauli, nami sikubishana.

Saa 8:15 niliwakuta chini ya mipaini. Ndani ya Rubya jua huingia vipande vipande, sindano zilizoanguka hutandika ardhi kama mkeka, na tairi likipita juu yake halitoi sauti. Ndiyo maana nawapeleka watu huko. Kaka alikuwa ameisukuma baiskeli kwenye mchanga hadi shati likamganda mgongoni, kwani kilo 24 zisizo na umeme kilimani si mchezo. Niliingiza ufunguo, nikazungusha, betri tupu ikachomoka ikiwa na joto mkononi, nikasukuma nyingine hadi iliposikika "tak". Kabla hajapanda nilimwekea msaada wa chini kabisa. Alikanyaga kidogo, akageuka.

"Kumbe inasukuma hata hivi?"

"Inasukuma. Ulikuwa hujaipa nafasi."

Kosa la pili la siku hii nalibeba mimi: nilipaswa kumwachia dada ufunguo, maana ndiye aliyekuwa amenisikiliza.

Saa 11:30 jioni walirudi wote wawili, wamebeba machungwa. Kaka alinionyesha skrini kwa fahari: kwenye safari ya kurudi alikuwa ametumia chini ya nusu ya betri. Sikumtoza muda wa ziada, ingawa nauli ya bodaboda ilikuwa imekula sehemu nzuri ya kodi ya leo.

Saa 2:00 usiku. Betri mbili za kwanza ziko kwenye chaja. Funguo nimezifunga kwa uzi wa nyavu, kila moja kwenye mkanda wa begi lake la betri, na ule msumari wa ukutani nimeung'oa.